Nilivyolitafsiri Jibu la Mjomba

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Salamu zikufikie huko mbali uliko. Hujambo? Shemeji naye hajambo? Na huyo mtoto wenu, meno yamekwisha kutoka au bado anauma kila kinachopita mbele yake? Sisi huku wazima. Mama kifua kimempungua, ingawa dawa hanywi mpaka asimamiwe. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio hauko sawa.

Najua ungependa nipige simu. Lakini unanijua, kwenye simu nitasema “nzuri, nzuri” mpaka salio liishe. Jambo lenyewe linamhusu baba yako, huyu Mjomba wangu, kwa hiyo tafuta pa kukaa kwanza.

Unakumbuka Mjomba aliponichukua karakanani kwake wakati chuo kinatupeleka kwenye mafunzo ya kazi? Ule ni mpango wa wafadhili. Mwenye biashara ndogo akimpokea mwanafunzi, wao humlipia posho muda wote wa mafunzo, wakitumaini kwamba akishaiva ataajiriwa palepale. Mwanafunzi hupata nafasi hiyo mara moja tu. Mimi nilikuwa nimekubaliwa kwenye duka kubwa la mapazia, nikaliacha. Niliacha kwa sababu Mjomba alikuja hapa nyumbani akamwambia Mama, mimi nikiwa nyuma ya mlango: “Huyu ni damu yangu. Akimaliza mafunzo habanduki kwangu.”

Nami nilijituma, Dada. Nilianza kwa kung’oa misumari kwenye makochi ya zamani, vidole vikavimba hata kalamu nikawa naishika kwa shida. Nikahamia kwenye kukata sponji. Mwisho nikapewa kitambaa cha mistari, kile ambacho mstari wa mgongoni lazima ushuke ukutane na wa kwenye kiti bila kupinda. Mjomba akawa anawaambia wateja, “Hii kazi ya Bi Kimya.” Wakigeuka kunitazama, najifanya nimeangusha sindano. Lakini nakuungamia wewe peke yako: njiani kurudi nyumbani nilikuwa nikitabasamu kama punguani.

Jumatano akaja mama mmoja wa wafadhili kukagua. Kiswahili chake kinaishia kwenye “asante”, na baba yako na Kiingereza husalimiana kwa mbali tu. Nikaitwa nitafsiri. Nikasimama katikati yao, chaki bado mkononi, na mwanzoni mambo yakaenda vizuri. Mgeni alikaa kwenye kochi nililokuwa nimelimaliza asubuhi ile, akapitisha kidole kwenye mshono, akalisifu. Nikamtafsiria Mjomba sifa zangu mwenyewe huku natazama viatu.

Ndipo akauliza kama Mjomba ataniajiri. Hilo nililitafsiri haraka, kwa furaha, maana jibu nilikuwa nalijua.

Mjomba hakunitazama. “Mwambie huyu ameshaiva, nashukuru,” akasema. “Sasa naomba mwingine.”

Nikamuuliza polepole, “Mwingine wa kuongeza, Mjomba?”

“Wa kushika nafasi yako. Wewe tafsiri tu, mama.”

Nikatafsiri. Neno kwa neno, na sarufi yote kama tulivyofundishwa. Nilijitaja kama mtu ambaye hayupo pale. Huyu ameiva, tunaomba mwingine.

Yule mama akaniuliza mimi kwa sauti ya chini: na wewe mwenyewe ungependa nini? Mjomba akadakia, “Anasemaje?” Nikamwambia, “Anaaga.” Na mgeni nikamwambia niko sawa. Nimesoma kwa lugha mbili, Dada, na zote mbili nikazitumia kudanganya.

Gari lilipoondoka, baba yako akanipiga begani. “Umetafsiri vizuri sana,” akasema, na hakuwa na kejeli. Nikangoja angalau aone haya. Wapi. Akanieleza kwamba mwanafunzi mpya analipiwa, ila mimi nikibaki itabidi anilipe yeye. Mtoto wa watu angelalamika, akasema, lakini mimi ni wa nyumbani, nitaelewa.

Hapo ndipo paliponichoma. Angeniacha mwenye duka la mapazia, ningelia siku moja yakaisha. Mjomba ameniacha mimi kwa sababu ni mimi. Udugu ambao ulinifanya niache nafasi nyingine ndio huohuo aliotumia kunitosa.

Mama anasema nisiweke kinyongo, Mjomba alitushika mkono Baba alipofariki. Ni kweli, na silisahau. Lakini Mama alipokuwa akinisihi alisugua sufuria ileile mara tatu, nikajua hata yeye limemkaa vibaya.

Alhamisi mgeni anarudi kumthibitisha mwanafunzi mpya. Mjomba amepitisha ujumbe kwa Mama, si kwangu: niende nikatafsiri tena, na nikifika nimwelekeze huyo mpya namna ya kuoanisha mistari. Nimesema nitakwenda. Mama amefurahi, anadhani yamekwisha. Hajaniuliza nitasema nini.

Huyo mpya nitamwelekeza, hana kosa. Kisha nitamwambia mgeni kwamba niliahidiwa kazi, na kwa ahadi hiyo niliacha nafasi niliyokuwa nayo. Nikimaliza nitamgeukia Mjomba nimtafsirie yote niliyosema, asije akadai nilimsengenya mbele ya macho yake. Huenda wakamnyima mwanafunzi. Huenda asikanyage tena hapa kwetu.

Ni baba yako, ndiyo maana nimetaka ulisikie kwangu mapema. Nakuomba usimpigie simu kutupatanisha. Najua mkono unakuwasha tayari. Safari hii niache.

Msalimie sana Shemeji. Mtoto mbusu, umwambie mama mdogo wake anamletea kitu cha kuuma kisicho kidole cha mtu. Bibi anawasalimu na kuuliza mtakuja lini. Mungu awafunike nyote, na nyumba yenu isikose kicheko.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata kama katika hili utakuwa upande wa baba yako,

Bi Kimya