Mto Hauko Nyuma ya Goli

Papa wangu,

Nakusalimu, na ninaamini huko ulipo umeshapata mtu wa kumsimulia ile penalti yako. Hata padri aliyekuja kukupaka mafuta ulimshika mkono, ukamwonyesha kwa kidole mahali wavu ulipopasuka. Maskini padri alisema "Amina" akifikiri unasali.

Sisi hapa Cimpunda tuko wazima. Maman ana nguvu, bado anapika ugali wa watu sita ingawa mezani tumebaki watatu, na tukimwambia anasema sufuria ndiyo haijui kwamba umeondoka. Bati linavuja palepale. Meza yako ya kutengenezea saa kule Nyawera imechukuliwa na mama mmoja anayeuza chaja za simu. Ameniambia wazee bado wanakuja na saa zilizokufa mkononi, wanauliza, "Papa Muto iko wapi?" Yeye anawajibu umetoka kidogo. Sikuweza kumkatalia.

Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za bati. Papa, mto hauko nyuma ya goli.

Usinikatize. Maisha yangu yote umenieleza habari hii, leo ni zamu yangu, tena nitaanzia mwanzo kama ulivyokuwa unafanya. Ulikuwa kapiteni wa timu ya Cimpunda, enzi za Zaire. Mkapanda lori, mkapita Bunyakiri, mkapita Hombo na Walikale, siku nne za kusukuma lori kwenye matope zaidi kuliko kulipanda, mpaka Kisangani, kucheza fainali katika ule uwanja wa zamani ulio kando ya mto. Sifuri kwa sifuri. Dakika zinakaribia kwisha, refa akawapa penalti. Ukapiga wewe. Mpira ukaishia mtoni. Mpira wenyewe ulikuwa mmoja tu, maji yakaondoka nao, wenye mitumbwi wakaukosa, jua likazama, mechi ikavunjika. Waliahidi itarudiwa. Kombe halijafika Bukavu hata leo.

Redio ilisema hivyo tu: penalti ya kapiteni imeishia mtoni. Ulipofika nyumbani jina lilikuwa limetangulia. Papa Muto. Maman akienda kununua sambaza, dagaa wa ziwani, anaambiwa, "Maman Muto, bwana yako alishaona ule mupira?" Na mimi shuleni nilikuwa Mtoto wa Muto. Jino langu la mbele lililopinda unalijua. Nilivunjwa la utotoni darasa la pili, nikitetea wavu wako, likaota hili.

Maana wewe ulisema mpira uliingia. Uliingia, ukapita kwenye tundu la wavu, ukatumbukia mtoni, na refa alikuwa anajifuta jasho. Rafiki yako Bisimwa, golikipa wenu, tonton wa watoto wote wa mtaa, alisema hapana, ulipita juu ya mwamba. Kila Jumapili baada ya misa mlikaa kwenye ubaraza wake, viti viwili vya mbao, wewe na kile kipande cha chandarua chenye tundu, yeye na vifuniko vyake vya chupa vya kupanga wachezaji, mkapiga penalti ile upya mbele ya mtaa mzima. Watu waligawanyika. Kulikuwa na familia za Wavu, za filé, na familia za Juu. Ndugu yangu Claude alipokwenda kuposa, jambo la kwanza baba mkwe kuuliza halikuwa kazi yake. Aliuliza, "Nyinyi munasemaka filé ao munasemaka juu?"

Siku ya kutoa matanga yako, mwaka mmoja ulipotimia, tonton Bisimwa alisimama na glasi ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, mkononi. Ilikuwa ya tatu au ya nne. Akasema mbele ya wote: "Kama ule muto iko karibu na nyuma ya goli, mupira iliweza kupita mu filé ikafika. Mimi Bisimwa nitapiga magoti ku kaburi, niombe pardon. Lakini kama iko mbali, basi iliruka juu. Nani ataenda kuangaria?"

Watu wote wakanitazama mimi, mwalimu wa jiografia. Nikasema nitakwenda. Papa, sijui ni machozi au ni kasiksi, lakini nilisema kwa sauti kubwa.

Unatujua. Kufika asubuhi komite ilikuwa imeshaundwa. Claude ni rais, mkewe katibu, na kuna mshauri wa mambo ya roho ambaye kazi yake sijaielewa. Kikao cha kwanza kilichagua kitenge. Kikao cha pili kilibadilisha kitenge. Cha tatu kilijadili kama kuku wa njiani asafiri mzima au ameshakaangwa. Tarehe ya kuondoka tumeiweka mara mbili, na mara mbili njia imefungwa, kwa sababu ambazo unazijua, hazijabadilika tangu uondoke. Maman peke yake hakutaka. Kila nilipotaja Kisangani alisema, "Muache mambo ya muto," akaendelea kuchambua maharagwe.

Kazi yangu kwenye komite ilikuwa kuchora ramani. Basi siku moja, wanafunzi wakifanya mtihani, nikafungua picha ya satelaiti kwenye simu, nikautafuta uwanja wako. Nikauona. Majani, jukwaa, magoli mawili. Na mto ule mkubwa, wa rangi ya chai ya maziwa, unapita ubavuni. Ubavuni, Papa! Sambamba na mstari wa pembeni, mahali wanaporushia mpira kwa mikono. Nyuma ya goli hili kuna barabara, nyuma ya goli lile kuna nyumba za watu. Niligeuza simu. Nikageuka na mimi. Wanafunzi wakaacha mtihani wakaanza kunitazama. Mto ulibaki palepale.

Nilimwomba mwalimu mwenzangu aliye Kisangani aende kwa miguu. Alimkuta mlinzi mzee, akamuuliza kama labda zamani uwanja uliwahi kugeuzwa. Mlinzi alimjibu kwamba uwanja si kitanda.

Sasa fikiria hali yangu. Nimefundisha jiografia miaka kumi na minne. Nimewapa watoto wa watu sifuri kwa kukosea mahali pa Tanganyika. Na sikuwahi, hata siku moja, kutazama ulipo mto wa baba yangu. Kama mto uko ubavuni, mpira haukupita kwenye wavu ukafika huko. Lakini haukupita juu ya mwamba ukafika huko pia! Ili mpira wa penalti uingie katika mto ule, mpigaji lazima aligeuzie goli bega, apige pembeni kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Wewe ulidanganya, na tonton Bisimwa alidanganya, kila mmoja uongo wake, Jumapili hadi Jumapili.

Nilikwenda kwake. Nilimkuta ubarazani amekaa peke yake, na kiti chako kiko palepale mbele yake, kimefutwa vumbi. Niliweka simu juu ya kiti. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akacheka mpaka akakohoa, na katikati ya kikohozi akaanza kulia, nikawa sijui nimletee maji au leso.

Akasema: "Papa yako hakukosa penalti. Ni mimi, tumbo ilinishinda."

Ndiyo, Papa. Amenieleza yote. Samaki wa wenyeji usiku wa kuamkia mechi, mawese na pilipili, na yeye alikula sehemu yake na ya watu wawili waliokuwa na homa. Kipindi cha pili tumbo likaanza kunguruma. Kaptula nyeupe, uwanja umejaa, na golikipa hana pa kwenda. Refa alipotoa penalti wote mlikimbilia goli la wapinzani, yeye akabaki kule nyuma ameukumbatia mlingoti, miguu ameipishanisha. Wewe uliweka mpira, ukarudi hatua zako tano, na kabla ya kupiga ukageuka kumtazama golikipa wako, kama ulivyozoea. Ukamwona. Ukaelewa kwamba ukifunga, bado kuna dakika za kuchezwa, na kwamba dakika hizo hatazifikisha.

Ukageukia mto, ukapiga kwa kushoto.

"Batu bote bakakimbia upande wa muto," tonton alisema, "hata refa. Mimi nikakimbia upande ingine."

Na huko kwenye lori, siku nne za kurudi, mliapa wote kumi na mmoja. Eti ni wewe uliyepanga: nusu yenu waseme wavu, nusu waseme juu. "Batu bakipata ya kubishania, hawataulizaka ingine." Wenzenu wote tisa wamekwenda na siri hiyo kaburini. Umekwenda na wewe. Amebaki yeye. Nikamuuliza, sasa tonton, kwa nini ulisimama siku ya matanga ukanituma kule? Akatazama kiti chako. Akasema alifikiri hakuna atakayefika Kisangani. Alitaka tu mtu abishane naye.

Nilirudi nyumbani. Maman aliniangalia usoni mara moja, akasema, "Bisimwa amesema." Nikauliza, Maman, ulijua? "Niko bibi yake," akajibu, akarudi kwenye maharagwe.

Papa, nilikukasirikia siku mbili nzima. Nilikulaumu kwa ajili ya jino. Jino langu lilivunjwa kwa tundu la wavu ambalo halikuwapo! Siku ya tatu nilikuwa nafundisha mito, nikaandika "Kongo" ubaoni, chaki ikanishinda. Nililia mbele ya darasa la nne, na watoto wakaogopa, wakafikiri nimepata matokeo yao. Maana miaka yote nilikuwa nakuonea huruma. Nilikupenda, lakini nilikupenda kama mtu aliyekosa bao, aliyejitungia tundu ili apate usingizi. Naona haya kwa huruma ile. Ulikuwa na jibu la kuwanyamazisha wote, neno moja tu, tumbo, ukaliacha, ukakubali kuitwa Muto mpaka kwenye msalaba wa kaburi lako, ili rafiki yako atembee Cimpunda kichwa juu. Nisamehe.

Tonton alitaka kusema hadharani. Alisema haya yake imeisha, ni mzee, acha wacheke. Mimi naijua Cimpunda. Wangecheka kweli, na wasingeacha, na wajukuu wake wangepewa jina shuleni kabla ya kengele ya mchana. Halafu kazi yako yote ingekuwa bure. Nikamwambia anyamaze, nitazungumza mimi.

Jumamosi komite ilikaa kusikiliza ramani yangu. Kitenge walikuwa wameshavaa. Nilisimama, nikawaeleza kwa Kifaransa kirefu cha kitaalamu, na nilipoona wameanza kusinzia nikasema kwamba mto uko karibu na goli, kidogo upande wa kushoto, na kwamba kwa kuwa wavu wa wakati ule umeshaoza, sayansi haiwezi kujua. Lazima mtu afike mwenyewe. Na kwa hali ya njia, waende wawili tu: mimi na shahidi wa mwisho. Claude hajui kutafuta kitu kwenye simu, namshukuru Mungu kwa hilo. Wakapiga makofi. Itabidi niungame kwa padri yuleyule aliyekupaka mafuta, na sijui nitaanzia wapi.

Jana, baada ya misa, nilipita kwa tonton Bisimwa. Sikumwomba ruhusa. Nilikaa kwenye kiti chako, Papa. Ni kigumu, sijui mgongo wako uliwezaje. Nikatoa kwenye mkoba kile kipande cha chandarua, nikakiweka magotini, nikaingiza kidole kwenye tundu. Alikitazama, akanitazama mimi. Kisha akakohoa, akapanga vifuniko vyake vya chupa, akapaza sauti mpaka barabarani:

"Ilipita juu!"

Nikamjibu kwa sauti yako: "Iliingia, tonton! Filé njo ilikuwa ya kupasuka!"

Watu wakaanza kusogea. Mmoja alileta benchi.

Pumzika sasa, Papa. Njia ikifunguka tutakwenda, mimi na yeye, na samaki hatagusa, nimeshamwapisha. Nitauweka mpira kwenye nukta ile, nitarudi hatua tano, na kabla sijapiga nitageuka kwanza kumtazama golikipa. Halafu nitaugeukia mto.

Ni mimi, Nsimire,
Mtoto wa Muto.