Sumu Niliyomwaga kwenye Kichuguu cha Shemeji

Jumamosi. Asubuhi joto la kuchemsha maji ndani ya ndoo, alasiri mvua ya kwanza imemwagika, sasa jioni kuna kijibaridi cha uongo na matope mpaka mlangoni. Mgongo unauma. Moyo nao unauma, lakini huo nitaufikia.

Nyinyi mlioko Tanga mnaoniuliza joto likipanda huku Lubumbashi tunaishije na wadudu, basi sikieni. Nyumbani nilijua mbu, mende na sisimizi wa sukari. Huku Annexe, pembezoni mwa mji, kila mdudu ana kazi yake. Nzi wana zamu ya mchana, mbu zamu ya usiku, siafu wanapita kama wakaguzi. Mbu nina chandarua. Siafu nawamwagia majivu kizingitini. Mende tumeelewana: kabati la chini lao, la juu langu.

Mchwa ndio hatukuelewana.

Wiki tatu zilizopita nilifungua sanduku la marehemu mke wangu, Zaina, mwanamke wa Kindu, yeye ndiye aliyenileta nchi hii nikasahau kurudi. Sanduku nilikuwa nimeliacha sakafuni, mimi fundi cherehani mzima nisiyejua kuliinua juu ya matofali mawili. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini. Vitenge saba. Nilipovishika vilimeguka, nusu nguo, nusu udongo. Nililia. Ndiyo, na meno yangu manne yaliyobaki, nililia.

Halafu nikatafuta wa kumpiga.

Uani kwangu kuna kichuguu kirefu kunizidi. Mgeni atafikiri ni changu. Kiwanja ndicho changu, kichuguu ni cha Mama Ngoie, jirani yangu. Marehemu mumewe, mtu wa reli, alikisafisha zamani huku kukiwa bado pori, na kwa watu wa hapa aliyekisafisha ndiye mwenyewe, hata ukija kujenga nyumba pembeni yake. Aliyeniuzia kiwanja aliniambia waziwazi: hicho hakimo. Kwa hiyo kila mwaka mvua ya kwanza ikinyesha na kumbikumbi wakitoka, wenyewe wanawaita inswa, Mama Ngoie anaingia kwangu bila hodi. Anakifunika kwa turubai la magunia nililomshonea mwenyewe, anaacha tundu moja, anatega taa na beseni la maji. Anawakaanga kwa chumvi bila tone la mafuta, wanaliwa na bukari, huo ugali wao. Mimi sili. Kila mwaka namwambia anawanyang'anya kuku chakula, naye ananiambia niendelee kunyonya mifupa ya samaki. Zaina alimwita dada, kwa hiyo mimi ni shemeji, na shemeji anaruhusiwa mdomo.

Basi Jumapili iliyofuata, yeye akiwa misani, nilimwaga kibati kizima cha sumu ndani ya matundu ya kichuguu chake. Nilisoma mpaka darasa la nne. Maandishi ya Kifaransa yalinipita, lakini picha ya fuvu niliielewa vizuri.

Sikumwambia mtu. Niliwaza watakufa wote, yeye atadhani wamehama. Kweli niliishia darasa la nne.

Leo mvua ilipokatika, wakatoka.

Walitoka wengi, wanene, mabawa yakimeta, wazima kuliko mimi. Mama Ngoie akaja na turubai begani na wajukuu watatu nyuma, kila mmoja na bakuli lake. Nikakaa kwenye kiti changu nikitazama beseni likijaa. Yule mdogo alikuwa ameshamkamata mmoja, anamng'oa mabawa. Hapa watoto wanawala wabichi.

Nikafanya ninachokijua. Nikainuka, nikajikwaa makusudi, nikalipiga beseni teke. Njiani nikamgonga na yule mdogo, mdudu akamtoka mkononi. Watoto wakacheka. Mama Ngoie akacheka mpaka akashika kiuno.

"Shemeki, umezeeka! Macho inaisha sasa? Ondosha miguu yako hapa!"

Akaanza kujaza upya.

"Shemeji, msiwale hao. Nimewawekea sumu."

"Eeh! Na mwaka ile ingine ulisema ni bashetani. Juu ya nini usiseme tu unataka sahani yako? Bon, leo nitakupatia."

"Nasema kweli."

"Siku gani ulisemaka kweli, we muntu ya Tanga?"

Huyu mama nilishamwambia kwamba padri wake ameniagiza suti ya harusi, akaamini siku mbili. Tangu hapo hajaamini kitu kilichotoka mdomoni mwangu, na ana haki.

Mtoto akaokota mwingine. Nikamnyang'anya, nikambeba kwapani akipiga mayowe, nikaingia naye chumbani, nikatoka na kibati kutoka chini ya kitanda. Bibi yake alikuwa ameshasimama, hacheki tena.

Mama Ngoie anasoma Kifaransa. Akasoma mbele, akakigeuza, akasoma nyuma. Akaenda kumwaga beseni ndani ya shimo la choo. Akawanawisha watoto kwa sabuni, mmoja mmoja, akawafungua midomo na kuchungulia. Hakuna aliyekuwa amekula. Alhamdulillahi.

"Juu ya nini?" akauliza sababu.

Nikamtolea sanduku. Akachukua kitenge cha kijani, walichoshona sare yeye na Zaina, akakishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mtoto mchanga asiyejua pa kumkamatia.

"Kama ulinambia," akasema, "ningekuya tulie pamoya. Lakini we uliona nitacheka."

Kweli niliona atacheka. Ningekuwa mimi, ningecheka.

Akakunja turubai lake, akakusanya watoto. Langoni akageuka.

"Aksanti kwa kusema, Monsieur."

Monsieur! Hivyo ndivyo anavyomwita yule mtu anayekuja kusoma mita ya umeme. Angenitukana ukoo mzima, ningekuwa nimeshalala sasa hivi.

Kichuguu kimebaki wazi. Wadudu wamezunguka taa yangu, wanaangukia kwenye simu ninapoandika, na sina hamu ya kuwafukuza.

Kesho misa ikiisha nitakwenda kukaa kwenye benchi la mlangoni kwake, anikaribishe au anifukuze. Nimejaribu maneno ya kumwambia, nimeyarudia mara tano, na kila mara mwishoni mzaha unajipenyeza wenyewe. Mtu wa miaka sabini na mbili anajifunzia wapi kusema "nisamehe" na kuishia hapo?