Chumba cha Mama Ashura Kimeingia Mtandaoni

Mama Zipora, shikamoo. Ninakusoma tangu nikiwa kidato cha pili, tulikuwa tunapokezana gazeti bwenini, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekuandikia mimi, ila nimekwama na ninaomba uniongoze, na jina langu tafadhali usilitaje.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na sasa nakaa mapokezi kwenye gesti ya shangazi yangu hapa Njombe mjini, na kwa kweli naipenda kazi hii, napenda harufu ya mashuka yaliyokaukia juani na jinsi wageni wanavyofurahi wakikuta chai ya moto, shida yangu ni moja tu, naogopa kuongea na watu, simu ya gesti ikiita naiacha mpaka ikatike halafu natuma ujumbe, "Samahani, karibu, nikusaidie nini?" Kwa hiyo niliposikia kuna mtandao ambao wageni wanabuku vyumba wenyewe bila kupiga simu, nilimbembeleza shangazi mpaka akakubali, nikapiga picha, nikaandika maelezo, na wageni wakaanza kuja kweli, hata Jumamosi na Jumapili ambazo zamani funguo zote zilikuwa zinashinda zimening'inia ukutani.

Sasa kuna chumba kimoja kimepakana na jiko la kuni, ukuta wake una joto usiku kucha, na baridi yetu ya mwezi wa saba unaijua, hicho ndicho nilichokisifia kuliko vyote. Lakini kila Alhamisi chumba hicho ni cha Mama Ashura, mfanyabiashara wa viazi wa Makambako, akitoka kupakia mzigo Makete analala kwetu, hapigi simu wala habuku, shangazi huutia tu ufunguo kwenye mfuko wa aproni yake, ndivyo ilivyo tangu sijazaliwa, na mimi sikukumbuka kukifunga kule mtandaoni. Alhamisi iliyopita wakakichukua mtu na mkewe kutoka Dar es Salaam, wamefika wanatetemeka na wameshalipia, na giza linaingia Mama Ashura naye huyo mlangoni, buti zimejaa matope ya Makete. Nikainama kwenye daftari la wageni, shangazi ndiye aliyemweleza. Mama Ashura akaniangalia, akasema, "Yaani mwanangu, ukuta wangu umeuozesha Dar bila hata kunialika harusini?" Watu wakacheka, naye akacheka, akalala kwa shangazi, ila asubuhi aliondoka bila kunywa chai, na yeye haondokagi bila chai.

Shangazi amekasirika, anasema hao watu wa mtandao wanakula kamisheni yake na sasa wanamfukuzia na wateja. "Tutoe huko! Watu wapige simu kama zamani, na wewe uipokee." Mama, nikitutoa, wikiendi zitakuwa tupu tena na mimi nitarudishwa nyumbani kijijini Kifanya kukaa tu, na nikituacha tutampoteza Mama Ashura, na Alhamisi nyingine hiyo inakuja. Nifanye nini?

Msichana wa mapokezi, Njombe

Marahaba, mwanangu. Kwanza pumua. Hujaua mtu, umemkosesha mtu ukuta wenye joto, ingawa kwa baridi ya Njombe makosa hayo yanakaribiana.

Mtandao ni kibao cha barabarani: unamwita asiyekujua. Wale wa Dar wangeijuaje gesti yenu? Aliyewaleta anachukua chake, na shangazi yako asinung'unike. Tena mgeni aliyebuku huko usije ukamnong'oneza afute ili alipe kwenu mkononi. Huo ni ujanja mbaya, na mkigundulika mtaondolewa. Ila akishalala vizuri, akanywa chai yenu, mpe namba ya gesti. Safari ijayo apige mwenyewe.

Mama Ashura hahitaji kibao. Mtu kama huyo anakumbukwa tu, na kukumbuka watu ndiyo kazi ya mapokezi, wewe ukauachia mtandao ukufanyie. Hapo nakukaripia. Uliingia mtandaoni ukitafuta pa kujificha, bahati nzuri ukapata na wageni.

Basi msijitoe. Leo hii kifunge chumba cha jikoni kwa kila Alhamisi, vingine viache. Kila asubuhi, kabla hujashika ufagio, muulize shangazi anamtegemea nani. Na yeye aache kuweka wageni mfukoni mwa aproni bila kukuambia. Mwambie nimesema mimi, hilo kosa ni lake.

Halafu mpigie Mama Ashura. Nimesema mpigie, usimtumie ujumbe. Sauti ikitetemeka iache itetemeke. Mama anayebishana na madereva wa malori hatashtushwa na hilo. Mwambie, "Shikamoo mama, ni mimi wa gesti. Ukuta wako umerudi nyumbani, na Alhamisi chai yako utainywa." Huyo aliyekutania mbele ya watu hajakuchoka. Anangoja kusikia kama unamjali. Na ukishaongea naye, simu nyingine ikiita, ipokee.

Fanya haraka. Jina lako nimelificha ulivyoomba, lakini la Mama Ashura hukuomba nilifiche, na gazeti hili linafika Makambako kabla ya kufika Njombe.