Pointi Kumi na Tatu

Jumanne, 2 Machi 1999

Matokeo ya mtihani wa Kiingereza yamefika. 487. Chuo cha Afrika Kusini kinadai 500, wala si 499. Nimeisoma karatasi tena na tena, kana kwamba tarakimu zina huruma. Mimi, mwenye shahada ya uchumi — tena yenye sifa! — nimeangushwa na sehemu ya kusikiliza.

Mama anamshukuru Mungu, maana sasa sitaondoka.

Jumatano, 3 Machi

Jirani yetu Béatrice, muuza vitenge kutoka Uvira, alisimama mlangoni makusudi. Akauliza kama ni kweli. Kisha: "Yo! Diplome yote ile, Houda, na Kiingereza kimekushinda? Kuya kwangu, mutoto wangu Prodige atakufundisha. Anaimbaka Kiingereza ya radio asubui mpaka jioni!"

Nikacheka kwa adabu. Chumbani nikalia, kwa adabu vilevile.

Jumamosi, 6 Machi

Kuna njia! Mtihani utarudiwa Kigali, Jumamosi ijayo, na chuo kitanisubiri. Nimejiandikisha kwa simu ya ofisini kwa baba mdogo Massoudi, kwa Kiingereza changu bora kabisa. Aliyepokea akanijibu kwa Kifaransa.

Lakini barabara ya Kigali ni ile ya mlimani. Magari hupanda asubuhi tu, kwa msafara, wanajeshi wakishaifungua. Wiki iliyopita mawili yalichomwa na waasi, pamoja na waliokuwamo.

Jumatano, 10 Machi

Mama hali chakula. "Pointi kumi na tatu, Houda. Ndizo unafuata mu risasi?"

Nilimweleza, kwa hoja zilizopangwa vema, kwamba nafasi kama hii haiji mara mbili. Alinisikiliza hadi mwisho. "Umeongea muzuri," akasema. "Hata wale wa wiki jana walikuwa na sababu."

Baba amesema, pasipo kunitazama, kwamba mtu mzima hujiamulia mwenyewe.

Ijumaa, 12 Machi

Penye kizuizi cha wanajeshi, mwisho wa mji. Naandikia gotini. Tu abiria watano katika teksi ya Seifu. Milio ya risasi imesikika huko juu. Mwanajeshi ametangaza kwamba leo hakuna msafara. Anayetaka kupita, apite kwa hiari yake. Karibu magari yote yamegeuza.

Mtihani ni kesho asubuhi!

Seifu amezima injini. Amesema hapandi wala harudi kwa kichwa chake peke yake: kila abiria aseme, na wengi wape.

Mzee aliyekaa mbele: twende, bintiye ni mgonjwa Kigali. Mama mwenye kichanga kando yangu — ameniambia anaitwa Lisette — akakataa: "Mi apana. Turudi." Yahaya, mfanyabiashara, akasema twende, Mungu ni mukubwa. Mkewe akamkatiza palepale: "Mukubwa hata kule nyumbani! Turudi."

Wawili kwa wawili.

"Amebaki mademoiselle," Seifu amesema, akinitazama kwenye kioo. "We ndiye umesoma hapa. Tuambie."

Lisette hanisihi. Amekifunika kichanga kitenge, uso na vyote, kana kwamba nimekwisha kusema twende.

Nimeomba dakika moja, nimalize kuandika.