Tanzia ya Mtu Aliye Hai

Dada Edith, nakuomba unisaidie kwa sababu nyumba yetu imekuwa kama ya matanga na sina wa kumwambia, mimi na mume wangu Mayaka tunatengeneza tovuti hapa Homa Bay na yeye ndiye aliunda plagini ya matangazo, yaani programu ndogo inayopachikwa kwenye tovuti, ambayo kanisa letu linatumia, hiyo plagini inasoma kwenye linki yenyewe ni kipande gani cha ukurasa kionyeshwe, harusi, harambee ama tanzia, na maneno gani yaandikwe humo, nikamuuliza, "Baba Liz, na mtu akibadilisha hayo maneno?" akacheka, "Huku nani atajua hayo?" Basi kuna mtu alijua. Alikuwa amekosana na Zablon, kijana wa kanisa letu anayechimba dhahabu Osiri, akaandika kwenye linki neno tanzia, jina la Zablon na habari ya kifo, ukurasa ukafunguka na nembo ya kanisa ukisema Zablon amefukiwa na mchanga, akamtumia mama yake, Orpah, kule Magunga. Mama akapiga simu ya mtoto, haipatikani, maana Zablon alikuwa chini shimoni akifanya kazi. Akaanguka hapo hapo, hakuamka tena. Zablon ndiye alimzika. Sasa Mayaka ameziba hiyo shida kwa kanisa peke yake, lakini shule moja ya Kosele na vikundi vingine bado wanatumia plagini ile ile, na nikisema tuwaambie ananijibu, "Ukifungua mdomo umetumaliza." Nifanye nini?

Nyatichi

Pole, mdogo wangu, na pole zaidi kwa Zablon. Lakini uliona hatari, ukauliza mara moja, ukanyamazishwa na kicheko. Sasa unataka kunyamazishwa tena?

Mimi si fundi wa kompyuta, nimemuuliza anayejua. Plagini isifuate neno lolote aliloandika mgeni. Iwe na vipande vilivyoruhusiwa tu, kingine chochote ikatae, na tanzia itolewe na mtu wa ofisi aliyeingia kwa nywila yake. Hayo unayaweza. Yafanye leo, kisha upigie shule na kila kikundi, wazime ile ya zamani, na uwaambie kwa nini. Usingoje ruhusa ya Mayaka. Yeye anaogopea jina lake, na kuna mama mwingine anaweza kutumiwa linki kama ile jioni hii.

Aliyemtumia Orpah linki ile, mwachieni polisi. Wapeni yote mliyo nayo.

Halafu nendeni Magunga kwa Zablon, nyinyi wawili. Msianze kumweleza Zablon mambo ya plagini. Mwambieni kazi ilikuwa yenu, na kasoro mliijua. Pengine atawafukuza. Akiwafukuza, ondokeni bila kujitetea.