Nilimfukuza Aliyenifundisha Kusoma

Kwako Mama Nyanchama, mshauri wetu katika gazeti la kanisa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na kabla sijaandika neno lingine nakusihi usichape jina langu wala la shule yetu, kwa maana huku Muhuru Bay watu tunajuana na gazeti lako husomwa kwa sauti baada ya ibada. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya misheni, nina miaka thelathini na tisa, nina mke na watoto watano, na kwa macho ya watu sina shida yoyote, lakini huu ni mwaka wa pili siwezi kusali. Kila asubuhi nasema sala mbele ya watoto mia mbili na hakuna hata moja inayotoka ndani yangu, na naomba unisaidie kwa kuwa sababu yake naijua na bado nimeshindwa nayo.

Aliyenifundisha kusoma ni mzee mmoja ambaye hapa nitamwita Cephas. Nilipokuwa mdogo misheni haikuwa na jengo upande wetu, ilikuwa na Cephas tu, mvuvi aliyebatizwa akiwa mtu mzima, naye alituandikia herufi kwa kipande cha mkaa kwenye ubavu wa mashua iliyopinduliwa ufukoni kuzibwa nyufa, na mwenye mashua alipoirudisha ziwani tulikwenda nayo mpaka majini tukisoma mstari wa mwisho kabla haujalowa. Kitabu kilikuwa kimoja, Injili ya Marko kwa Kijaluo, tukikizunguka watoto wanne, na kwa kuwa mimi niliketi upande wa pili nilijifunza kusoma maneno yakiwa kichwa chini, hata nilipopelekwa shule kubwa karibu na Homa Bay mmishenari wa huko alicheka kuona nikigeuza kitabu. Ni Cephas aliyemwomba baba yangu aniache niende. Baba alitaka nibaki nivute nyavu, na Cephas alikuja nyumbani siku tatu mfululizo, akakaa, akazungumza mambo ya mvua na samaki, na siku ya tatu ndipo akanitaja.

Nilipohitimu ualimu nilirudi nikamkuta kwenye shule iliyokwisha kujengwa kwa matofali, yeye akifundisha darasa la kwanza na kuongoza sala ya asubuhi. Watoto walimwita Japuonj, yaani mwalimu, kana kwamba sisi wengine wenye vyeti hatukuwa walimu. Sala yake sijaisikia kwa mtu mwingine. Alishika rejista akaita majina, mtoto akaitika, naye akanyamaza kidogo kabla ya jina linalofuata, na katika kunyamaza kule ulijua kwamba ametajwa mbele za Mungu yeye peke yake, pamoja na mama yake mgonjwa na kaka yake aliyepotelea ziwani. Ilichukua muda mrefu na hakuna mtoto aliyesukumana na mwenzake.

Mwaka wa uhuru mmishenari aliyekuwa mkuu wetu alirudi kwao, na kamati ya shule chini ya mwenyekiti, nitakayemwita Jared, ikaniweka mimi. Mwanzoni mwa 1965 mkaguzi akaja, mtu muungwana, akaeleza kwamba asiye na cheti cha ualimu hawezi tena kushika darasa, na shule isiyofuata itaondolewa katika orodha. Sikubishana, na kwa kweli sioni kwamba alikosea, maana wanafunzi wa Cephas walipofika darasa la tatu walikuwa wasomaji hodari lakini hesabu walikuwa hawaijui kabisa.

Lakini sasa nifike kwenye lile ninaloona haya kuliandika. Nyumba ya Cephas naiona nikisimama mlangoni mwa ofisi, ni mwendo wa dakika kumi. Sikwenda. Nilikaa mezani nikaandika barua, nikaiandika kwa Kiingereza kwa sababu nilijiambia barua ya ofisi huandikwa kwa Kiingereza, nikatia sahihi na mhuri, nikaipeleka posta. Cephas hajui Kiingereza. Barua zake hupitia duka moja hapa sokoni, na alipoipokea akamwomba mwenye duka amsomee, na siku hiyo ilikuwa siku ya soko, wanawake wamejaa pale na magunia yao ya omena, wale dagaa wa ziwani, na mwenye duka akasoma na kufasiri kwa sauti kama mtu anayesoma tangazo, kwamba huduma zako hazihitajiki tena kuanzia Jumatatu. Nasikia wanawake waliacha kupima. Cephas akamshukuru, akaikunja, akaenda zake.

Jumatatu alikuja shuleni kabla ya kengele. Nilidhani amekuja kunilaumu nami nilikwisha kupanga majibu. Akaiweka rejista mezani kwangu, ameifunga kwa kitambaa safi, akaniambia kwa Kijaluo, "Wuoda, mwanangu, watoto ndio hawa. Kuna wageni wawili ambao bado sijawajua vizuri, uwaangalie." Akatoka. Mimi sikusema hata asante.

Tangu siku hiyo tumekwenda mbele. Mwaka jana wanafunzi wetu walifaulu kuliko shule zote za jirani, watatu wamepata nafasi katika shule za upili, madarasa mawili mapya yamepigwa bati, na kamati inataka mimi nihubiri siku ya kuyafungua. Lakini asubuhi nikisimama na ile rejista naita majina na watoto wanaitika na basi, nimesoma orodha. Nimejaribu kunyamaza kati ya majina kama alivyofanya yeye, na katika kunyamaza huko sikuti kitu, nasikia tu wale wakubwa nyuma wakikohoa. Nimefunga, nimesoma Zaburi zote, nimemwomba mchungaji aniombee bila kumwambia kwa nini. Naitamani ile sala kama mtu anavyotamani maji, na si kwamba nataka kuisema mimi, nataka kusimama tena miongoni mwa wanaotajwa.

Mara moja nilikwenda mpaka kwenye ua wake. Alikuwa anapalilia njugu. Nikasema mvua imechelewa, akasema ndiyo imechelewa, nikaaga. Jumapili anakaa benchi la mwisho na kuondoka kabla watu hawajaanza kupeana mikono. Niliwahi kumgusia mwenyekiti kwamba labda tumrudishe Cephas kwa sala tu, akakataa, akasema nikifanya hivyo watu watajua mkuu alikosea, na mkuu aliyekosea hadharani hatatiiwa tena na walimu wake. Mke wangu, naye nitamwita Filister, ndiye pekee niliyemweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Imani hukuipoteza. Ulimfukuza mtu, na sasa unamkosa."

Sasa kuna shule mpya upande wa Kegonga inatafuta mwalimu mkuu. Barua ya kuomba uhamisho nimekwisha kuiandika, imo katika droo. Nafikiri huko sitaiona nyumba yake kila nikitoka mlangoni, nitaanza upya na watu wasionijua, na labda Mungu atanirudia. Au niache ukuu kabisa, niwe mwalimu wa kawaida, maana mtu asiyeweza kusali anaongozaje shule ya kanisa? Mama, niambie niondoke au nibaki, na ukiniambia niondoke nitaondoka kwa moyo mwepesi.

Mimi mwalimu wako mwenye kiu,
Muhuru Bay, Juni 1966

*

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekasirika, kwa hiyo nisamehe nikisema wazi.

Unataka nikuambie uondoke. Sikuambii. Watu wa Kegonga wametafuta mwalimu mkuu kwa ajili ya watoto wao, hawakutafuta mtu wa kuwajia akijificha, na huko nako utaita majina asubuhi nawe utanyamaza usikute kitu. Wala usiniletee habari ya kuacha ukuu kana kwamba huo ni unyenyekevu. Ulipokuwa na barua mbaya ya kuandika uliutumia ukuu wako, mhuri na yote. Sasa kwa kuwa kuna jambo gumu la kufanya ndipo unakumbuka kwamba ungependa kuwa mwalimu wa kawaida.

Nakubaliana nawe jambo moja. Kumtoa darasani hakukuwa dhambi. Watoto wanastahili kufundishwa hesabu na mtu anayejua kuifundisha, na mkaguzi hakukudanganya. Lakini sheria ilisema asishike darasa. Haikusema aambiwe kwa lugha asiyoijua, wala haikukataza mtu mzima kusali na watoto. Hayo uliyaongeza wewe, kwa kuogopa dakika kumi za njia. Yeye kwa ajili yako alikwenda kwa baba yako siku tatu.

Nakuonea huruma pia, usidhani sina. Kabla sijaanza kuandika hapa nilikuwa mlezi wa bweni la wasichana huko Kisii, na palikuwa na mpishi, mjane, anaitwa Bathsheba, ambaye nilimsingizia mbele ya wasichana kwamba anaiba sukari. Baadaye nikagundua si yeye. Nikajiambia nitakwenda kwao kumwomba radhi likizo ikifika, maana katikati ya muhula nina kazi nyingi. Likizo ilifika nikaenda, nikakuta watu wamekaa matanga siku ya nne. Dada yake alinipa uji nikaunywa. Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita, na nikiona mjane kanisani hata leo huwa natazama uso wake kwanza. Wewe mzee wako yuko hai na anapalilia njugu.

Basi fanya hivi. Jumamosi hii, mchana, nenda na Filister. Usibebe sukari wala majani ya chai, asije akafikiri umekuja kulipia. Zungumza Kijaluo. Mwambie nilikosa, na ukishasema nilikosa usitie "lakini", usimtaje mkaguzi, usiitaje orodha. Kisha nyamaza. Akikutukana, pokea. Akikataa kukusamehe, ana haki, nawe utarudi nyumbani na kwenda tena siku nyingine. Usimpe cheo cha sala kama zawadi, maana hapo utakuwa mkuu tena na yeye mtumishi. Mwombe unachohitaji wewe. Mwambie huwezi kusali.

Ukitoka huko, iambie kamati wewe mwenyewe kabla hawajasikia kwa watu. Mwenyekiti wako anaogopa kwamba walimu watajua ulikosea. Wanajua, Mwalimu. Soko zima lilisikia ile barua. Jambo wasilolijua mpaka leo ni kama wewe unajua.

Na ile ya droo, ichane. Ukiiacha pale utakuwa unaifungua kila siku jambo likiwa gumu.

Mama Nyanchama

*

Mwalimu ametuandikia tena mwezi wa Septemba, na ameruhusu tuchape barua zote, hata jina la mahali.

Mama,

Nilikwenda, ila si Jumamosi ile uliyosema, nilikwenda ya pili yake, kwa maana ya kwanza nilitafuta kisingizio nikakipata. Filister alikuwa nami. Cephas alituwekea viti nje naye akakaa kwenye kinu kilicholazwa, nikasema kama ulivyonielekeza, na nilipofika pale pa kutotia "lakini" niliishia hapo. Hakunitukana. Aliniuliza kwa nini sikuja wakati ule, nikamwambia niliogopa uso wake. Akasema yeye naye siku ile sokoni aliogopa nyuso za wale wanawake, na kwamba kwa miezi mingi alikuwa akinitaja katika sala zake lakini kwa hasira, akimwomba Mungu anionyeshe. Nikamwambia amenionyesha. Hakucheka.

Nikamwomba arudi kwa sala ya asubuhi. Alikataa. Alisema miguu haimruhusu tena kupanda kilima kila siku, na hata ingemruhusu asingependa watoto wamwone kama mtu aliyeokotwa. Nilihisi kama nimefungiwa mlango, na ningekwenda zangu kama Filister hangenishika mkono. Ndipo nikasema lile la mwisho, kwamba siwezi kusali. Akaniambia, "Bado nina hasira nawe. Njoo Ijumaa."

Kamati nimeiambia. Jared hakuzungumza nami majuma mawili, na mzee mmoja aliuliza kama nimerogwa. Walimu wanafika kwa wakati kama zamani. Siku ya kufungua madarasa nilihubiri kwa ufupi, nikaeleza jinsi nilivyomwachisha kazi aliyenifundisha, na Cephas hakuwepo, alikuwa ameniambia mapema kwamba hatakuja. Sala yangu ya asubuhi bado ni kavu siku nyingi. Siku moja au mbili haikuwa hivyo.

Ijumaa nimekwenda mara tisa. Shule ikifungwa nashuka kwake, tunakaa, anasoma fungu, au macho yakimsumbua namsomea mimi, kisha anasali na mimi nasikiliza. Mara nyingine hatusali, tunamenya njugu. Ijumaa iliyopita nilimwuliza kama bado ana hasira nami.

"Kidogo," akasema. Kisha akauliza wiki ijayo nitakuja saa ngapi.