Nimetoa Sababu Nne za Kustaafu na Zote si za Kweli

Mshauri wetu wa Jumamosi redioni, ejok, ndiyo salamu yetu ya huku Turkana. Nakuandikia kutoka Kakuma nikiomba unisaidie haraka, maana fomu yangu ya kustaafu mapema inatakiwa Lodwar kabla ya tarehe thelathini na kila nikiishika ili niweke sahihi mkono unakataa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nyumbani ni Kiminini, umri wangu ni miaka hamsini na mitatu. Nililetwa huku mwaka wa 2001 nikiambiwa ni kwa miaka mitatu tu, mitatu ikawa ishirini na minne. Mke wangu Maryanne alijaribu kuja tukae pamoja mwaka wa 2004, lakini mtoto wetu Levis aliugua malaria mara tatu katika muhula mmoja, mama akambeba wakarudi, na tangu hapo mimi nimekuwa baba wa likizo, naingia Aprili, Agosti na Desemba, nasalimia, nakula, naondoka.

Sasa nikwambie kilichonipata. Nilikuwa na rafiki, Baudouin, Mkongo wa Uvira, fundi cherehani kule kwenye kambi ya wakimbizi. Tulijuana nilipompelekea suruali iliyopasuka, na kwa miaka kumi na minne kila siku saa kumi jioni nikitoka shuleni nilikwenda kukaa kwenye kibanda chake, yeye anashona, mimi nasahihisha madaftari juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Alikuwa akichungulia alama ninazotoa. "Mwalimu, huyu umemupa sufuri? Mama yake ni mteja wangu!" Tunacheka, mkewe anatuletea chai, siku inaisha. Hatukuwa tunaongea mambo makubwa. Sikujua kwamba hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu.

Mwezi wa pili, siku ya Jumatano, alikuja mpaka lango la shule, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, akaniambia, "Ndugu yangu, Ijumaa tunasafiri. Canada. Mimi na bibi na watoto wote."

Nikamuuliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi. Ningekuambia mbele, tungeagana kila siku. Sikuweza."

Mshauri, unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Vizuri. Mungu akutangulie," nikageuka nikarudi darasani kufundisha sehemu na desimali. Ijumaa sikwenda kumsindikiza, nilijiambia nina kazi nyingi, na ndege ilipopita juu ya paa watoto wakakimbilia madirishani kuitazama, mimi niliwafokea wakae chini mpaka mmoja akalia.

Tangu siku hiyo amenitumia sauti tisa kwenye simu na sijafungua hata moja. Kibanda chake sasa kinachajiwa simu. Miguu bado hunipeleka huko saa kumi, nikifika karibu nageuka kama mtu aliyesahau kitu. Shuleni walimu wengine ni vijana, wana heshima, wananiita mzee, lakini wakicheka nikiingia wananyamaza, na juzi nilimsikia mmoja akisema nikiondoka atachukua ile meza yangu ya dirishani.

Ndipo nikaomba kustaafu. Mwalimu mkuu, Madam Chepchumba, nilimwambia ni magoti. Mchungaji nilimwambia nataka kumtumikia Mungu. Afisa wa elimu kule Lodwar nilimwambia nawapisha vijana, akanitazama akanipa hii fomu akasema niende nikafikirie kwanza. Maryanne nilimpigia simu nikamwambia nakuja kufuga wale ng'ombe wetu. Akasema, "Ng'ombe niliuza mwaka juzi, Baba Levis. Nilikwambia." Halafu akasema, "Basi utanijulisha siku, nikutayarishie chumba."

Chumba, mshauri. Nyumba nimeijenga mimi. Huku sina mtu, na huko naona ninakwenda kuwa mgeni, na naona aibu, mwanamume mzima kukaa akimlilia fundi wa nguo. Je, nistaafu au nibaki?

Baba Levis, Kakuma

*

Baba Levis,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili kabla ya kuisoma hewani, na mara ya pili nilisimama kidogo hapo kwenye ndege. Aibu ya kumlilia rafiki itoe kabisa. Miaka kumi na minne ya kukaa na mtu kila jioni si jambo dogo, na anayeondokewa hivyo amefiwa, hata kama aliyeondoka yuko hai na anapiga simu.

Sasa kaa vizuri nikuambie mengine.

Watu wanne umewapa sababu nne, na hakuna hata mmoja uliyemwambia ukweli. Mtu huacha kazi mapema kwa sababu nyingi na nyingi ni nzuri. Namjua muuguzi wa Lorugum aliyestaafu akiwa na hamsini kamili ili amtunze mama yake, na hadi leo hajajuta, kwa kuwa alijua anakwenda kwa nani. Mimi mwenyewe niliacha ukarani nikiwa na hamsini na mmoja kwa sababu ya bosi mmoja niliyemchoka. Wiki ya tatu nyumbani niligundua kwamba bosi sina tena, lakini hasira zangu zote nimekuja nazo, na wa kuzisikiliza hayupo. Wewe unataka kumkimbia Baudouin ambaye tayari ameondoka. Utafika Kiminini naye.

Halafu huyu mkeo. Umelia kwa sababu ya neno chumba, lakini mama wa watu aliuza ng'ombe, akakwambia, na hukusikia. Alama za watoto wa Kakuma unazikumbuka, ng'ombe wa nyumbani kwako huwakumbuki! Hiyo nyumba uliijenga, ndiyo, lakini aliyeishi ndani yake ni yeye. Ukitaka kukaribishwa kama mume, acha kutoa taarifa kama mkaguzi wa shule.

Leo hii, kabla jua halijazama, sikiliza zile sauti za rafiki yako kuanzia ya kwanza. Mjibu kwa sauti yako, na umwombe msamaha kwa ile Ijumaa. Yeye yuko kwenye baridi ya watu, hamjui jirani, na pengine anadhani ulimchukia. Yule mtoto uliyemliza mwombe msamaha pia, Jumatatu, mbele ya wenzake.

Fomu usiitie sahihi wiki hii. Mwambie afisa unahitaji muda, ndiyo sababu alikutuma ukafikirie. Omba ruhusa ya siku chache uende Kiminini. Usiende kumtangazia Maryanne uamuzi, nenda umwambie habari za Baudouin, zote, bila kuficha lile la ndege. Kisha funga mdomo umsikilize. Kustaafu kutafuata baadaye.

*

Mshauri, ni mimi Baba Levis. Uliniambia niende, nikaenda, na naona ni haki usikie.

Sauti nilizisikiliza. Katika ya tisa hakusema kitu, ni cherehani tu inayosikika, amepata nyingine huko. Nilimjibu na sasa tunaongea Jumapili. Fomu nimeahirisha, afisa amekubali nistaafu mwisho wa mwaka, na safari hii nimemwambia Madam Chepchumba kwamba magoti yangu ni mazima.

Nyumbani nilimkuta Maryanne nyuma ya jiko akichagua maharagwe kwenye ungo. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza yote, jinsi nilivyokuwa nikikaa na Baudouin, na jinsi ninavyokaa sasa, natoka kazini nikiwa sina pa kwenda, napika chakula cha mtu mmoja, siku nzima inapita bila mtu kuniita kwa jina. Mikono yake haikusimama hata mara moja. Nilipomaliza alisema, "Sasa umejua vile mimi hukaa."

Nikamwambia, "Sikujua, Mama Levis."

"Hukuuliza."

Kisha akausogeza ule ungo mpaka katikati yetu, tukaendelea kuchagua wote wawili.